Plake ya Mugongo na Motere ya Mama Georgine

Vijana wazamaji, mulikuja watatu ku parcelle yangu, ku nyumba, juma yenye imepita, mukakaa ku banc yangu, mukakunywa chai yangu na sukari yote, kila mutu na telefone yake. "Papa Lotika, angalia hii. Papa Lotika, na hii." Plake, plake, plake. Ingine nyeusi, ingine inang'aa kama sahani ya arusi, ingine imetobolewa matundu mingi kama kichujio ya jikoni. Mukaniuliza: tuagize gani? Nikawaambia nitafikiri. Mukaangaliana, mukacheka kidogo. Mulifikiri muzee amesahau.

Bon. Nimefikiri. Na juu nikianza kuongea munanikata maneno, naona afadhali niandike. Karatasi haikati mutu maneno. Masomo yangu munaijua: nilifika ya tatu primaire, kisha maji ikaingia mu nyumba, tukahama, na kalasi sikuiona tena. Donc mukikuta makosa, mupite juu yake kama vile munapita juu ya mashimo ya avenue yetu.

Nianze na wale wenye watasoma na hawajui tunaongea juu ya nini. Mutu mwenye anazama na chupa mbili ya hewa, ile chupa haikai ku mugongo yake kwa mapendo. Inahitaji kitu ya kuishika. Ile kitu ndiyo plake: bamba ya chuma yenye inalingana na mugongo ya mutu, imekunjwa kidogo katikati, na matundu ya kupitisha mukaba. Chupa inafungwa nyuma yake na boulon mbili, ile bolti ya kukaza. Mutu anafungwa mbele na mukaba. Katikati ya chupa na plake kuko mufuko ya hewa, unaujaza kidogo ili usizame kama jiwe, unaupunguza ili usipande kama mupira. Ni hivi tu. Plake haina motere, haina taa, haina maneno. Lakini ukiichagua vibaya, maji itakuonyesha.

Siye wa zamani tulizama na casque. Ninyi hamukuiona ile: kofia kubwa ya shaba, viatu nzito ya plomb, na wenzako juu ya chaland, ile mashua pana ya mizigo, wanakupompia hewa mu tuyau ya mupira. Mwenye alinifundisha hiyo ni Tonton Alphonse, mujomba wa kila mutu, chef wa wazamaji ya port. Mufupi, mabega kama mulango. Alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia mpaka hata mbwa ya atelier, pale tunafanya kazi, ilikuwa inaijua:

"Mutu wa chini lazima akuwe na uzito. Samaki iko nyepesi juu chini ya maji ni kwao. Weye si kwako."

Na casque alikuwa na haki. Na casque, mutu anatembea chini kama anaenda ku wenze, ku soko, na wakitaka atoke, wanamuvuta na kamba. Mutu wa casque hapandi yeye mwenyewe, anapandishwa. Mushike hiyo, juu ndiyo ilitaka kuniua.

Sasa, chupa ilifika namna gani kwetu? Kuko injenieri moja alikuja kuangalia miguu ya quai, pale meli inafungwa, kama imeoza ao haijaoza. Alifanya kazi na miye na Kombozi. Kombozi ni mutu wa chute, pale mutoni inaanguka, wa familia ya wavuvi wenye wanatega samaki pale maji inapiga kelele juu ya mawe. Miye niko mutu wa Yanonge, wa maji ya pole. Yeye aliniita Kwanga, ule mukate mweupe ya muhogo, miye nilimuita Jiwe, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikumbuki siku moja yenye alisema jina yangu sawasawa mbele ya watu.

Ule injenieri alipomaliza kazi akatuachia vitu yake yote: chupa mbili ya chuma, mufuko ya hewa, kompresa, détendeur mbili, ile ya kupumulia mu kinywa. Yote, isipokuwa plake. Kombozi akamuuliza: "Patron, na ile ya mugongo?" Akajibu: "Ile iko kama kiatu. Nimeivaa miaka mingi. Siachi kiatu yangu." Akaenda nayo mu ndege, imefungwa ndani ya shati. Tulimucheka wiki nzima. Mutu anaacha kompresa, anabeba bamba. Siku hizi simucheki tena.

Ile chupa ilikaa mu kona ya atelier, na vumbi, mpaka motere ya Mama Georgine ilianguka mu maji.

Mama Georgine alikuwa na baleinière, ile mashua ndefu ya mbao, mita makumi mbili, na motere moja ya nguvu imefungwa nyuma yake. Alipeleka chumvi, sabuni na mafuta ku Yanonge na Isangi, akarudi na muhogo, ndizi ya makemba, samaki ya moshi. Asubuhi moja, karibu na kufika ku beach, pale mashua inaegesha, muti yenye ilikuwa inaelea ikagonga nyuma ya baleinière. Motere ikang'oka na ubao yake yote, tubum. Mita kumi na moja ya maji. Hakuna mutu aliumia. Mutu wake wa usukani alibaki ameshika kipande ya ubao, anaiangalia, anaiangalia.

Alikuja ku atelier na pagne ingali majimaji. Hakulia, hakupiga kelele. Alikaa juu ya kasha ya boulon na akatuambia hivi:

"Ndeko zangu, miye niko na watoto tano wa dada yangu ku nyumba, dada hayuko tena. Bila ile motere sina baleinière. Niko na banc ndefu tu."

Kombozi akatoka inje, akaenda kuangalia mustari ya maji ku mawe, akarudi.

"Siku kumi," akasema. "Kumi na mbili kama mvua ya Ubundu, kule juu ya mutoni, inachelewa. Kisha mutoni inapanda, inaleta muchanga. Muchanga ikiilalia ile motere, muisahau. Mwaka kesho kutakuwa kisiwa, watu watalima pale."

Voilà. Siku kumi. Casque haikukuwa na tuyau muzima tena, imepasuka zamani. Kulikuwa chupa tu. Na chupa bila plake ni gaz ya kupika.

Tukatengeneza plake. Nani wa kutuonyesha? Tonton Alphonse. Alikuwa tayari mu pension, lakini alikuja kila asubuhi ku port na kiti yake, anakaa, anahukumu dunia. Akasema: "Chuma. Chuma nzito. Maji ya pale inavuta." Na miye, mutoto mwema, nikaenda ku tumbo ya chaland moja ya zamani, nikakata bamba ya milimita kumi. Kumi, munasikia? Ile munaona ku telefone yenu ni tatu. Kuifikisha ku atelier nilipumuzika njiani mara mbili.

Kombozi akaiinua, akaiweka chini pole pole.

"Kwanga, hii ni mulango ya prison."

"Tonton amesema uzito."

"Tonton alisema uzito kwa mutu wa kamba. Weye, ni nani atakuvuta?"

Nilimujibu kwamba wivu inamusumbua. Wazee wa leo walikuwa vijana wajinga jana, musifikiri ni ninyi wa kwanza.

Nikaenda kuijaribu karibu na ukingo, mita tano tu ya maji. Nikajifunga, nikaruka. Sikuzama, hapana. Nilianguka, kama mufuko ya ciment. Miguu ikaingia mu matope mpaka magoti. Bon, nikajisemea, nitajaza mufuko ya hewa, nitapanda. Nikabonyeza, nikabonyeza. Lakini vile nilifunga vitu, nusu ya mufuko ilikuwa imebanwa chini ya plake, hewa inaingia upande moja tu. Nikageuka kama kobe. Nikapiga miguu kama chura. Nilipanda mita moja, nikarudi mita moja. Mukaba nao ulikuwa umekaza, na matope imejaa mu kifungio.

Hapo moyo ilianza kusema nami. Nikauliza kichwa yangu: Lotika, wa casque anafanya nini? Anatembea. Basi nikatembea. Nikashika mawe, nikatoa muguu moja mu matope, nikatoa ingine, nikafuata mupando wa ukingo pole pole, giza mbele ya uso, mpaka maji ikakuwa ya kahawia, kisha ya njano, kisha kichwa yangu ikatoka inje.

Nikatoka katikati ya wamama wenye walikuwa wanalowesha muhogo.

Munaona ile picha? Maji imetulia, wamama wanaongea habari ya bwana zao, na kichwa ya mutu inatoka na miwani na tuyau mu kinywa, inapumua hhhoo, hhhaa. Ndoo iliruka. Wamama walipanda ule ukingo mbio kushinda mbuzi. Moja tu hakukimbia, mama munene wa pagne ya kijani. Alishika kisu yake mukononi akaniuliza na sauti ya chini:

"Weye ni mutu?"

Nikatoa tuyau mu kinywa. "Niko Lotika, wa atelier ya port."

Akaniangalia juu mpaka chini.

"Basi, Lotika wa atelier. Umesimama juu ya muhogo yangu."

Ile habari ilifika Mangobo, mutaa wetu, mbele yangu, na mangaribi muke wangu Marie-Jeanne aliniuliza kama ni kweli sasa naenda kuwatembelea wanawake kwa njia ya chini ya maji. Kombozi alikuwa amepita kule kumusalimia.

Lakini tuache kicheko, tuandike somo. Plake inachaguliwa hivi: mufuko ya hewa ikiwa imepasuka, imekufa, haiko, unaweza kupanda na miguu yako mwenyewe? Kama jibu ni ndiyo, iko plake yako. Kama jibu ni hapana, iko ya kuzuia mulango. Muhesabie vitu yote pamoja, hapana plake peke yake. Chupa ya chuma iko nzito hata ikiwa tupu. Chupa ya aluminium, hewa ikiisha, inataka kuelea. Maji yetu ni ya kunywa, haina chumvi, haiinui mutu sana. Na hapa kwetu maji iko moto, munazama na tricot tu, ile fulana. Wenye wanavaa ile nguo nene ya mupira mu maji ya baridi, nguo inawavuta juu, ndiyo wanahitaji chuma nzito. Donc: chupa ya chuma na tricot, muchukue plake ya aluminium. Chupa ya aluminium, muchukue ya chuma, ya milimita tatu. Rangi, mufanye ile munapenda. Samaki haiangalii.

Na mugongo. Mutu mufupi asivae plake ya mutu murefu. Ikishuka mpaka ku matako, utakaa juu yake kama kiti. Ikipanda mpaka ku shingo, huwezi kuinua kichwa uone mbele. Mupime toka ule mufupa wa chini ya shingo mpaka ku kiuno, mumupime mutu amesimama, hapana amelala, juu mutu akilala anakuwa murefu. Hiyo tulijifunza kwa Kombozi, tulimupima amelala ku banc baada ya kula pondu, mboga ya majani ya muhogo.

Matundu ya boulon: sentimita makumi mbili na nane, katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu. Ile ya kiwanda imefuata hiyo. Siye tulipima na kiganja, na ninajua munataka kuuliza: kiganja ya nani? Swali muzuri. Tulitoboa na kiganja ya Kombozi, tukahakikisha na kiganja yangu. Mukija nitawaonyesha, matundu inne ku plake moja, mbili haina kazi.

Na kingo ya matundu ya mukaba. Vijana, hii zaidi ya yote. Muchukue lime, ile tupa ya chuma, musugue mpaka kidole isisikie kitu. Kisha mupitishe soksi ya nylon ya mwanamuke mu kila tundu. Uzi moja ikikwama, murudi ku lime, juu yenye inakwarua soksi leo itakata mukaba yako kesho. Ya kiwanda pia, musiiamini. Nilichukua soksi ya Marie-Jeanne ya kanisa, ile ya Pasaka, bila kumuuliza. Plake ikatoka safi. Soksi haikutoka safi.

Siku tatu ilikuwa imeenda. Mama Georgine alikuja kila asubuhi, anasimama ku ukingo anaangalia maji, anatuachia makemba ya kuchoma, anaenda. Hakutusukuma. Ile ndiyo ilitusukuma.

Plake ya pili tulifanya ya aluminium, lakini mutu wa haraka anakosa. Tukaenda kwa wale wenye wanayeyusha vipande ya motere wanatengeneza sufuria. Nilichora plake mu muchanga na kijiti. Fundi akamimina, ikapoa, akaisugua. Jamani, ilikuwa nzuri. Nyepesi, nyeupe, fundi akaiongezea na ua ku kona, kama ya sufuria zake, bila sisi kumuomba. Tukaibeba kama mutoto wa ubatizo. Ku atelier, Kombozi akaweka boulon, akakaza, akakaza tena kidogo, na plake ikasema *kra*. Vipande mbili. Ua ilibaki muzima.

Tukarudi nayo kwa fundi. Akaangalia ule mupasuko, akaangalia siye.

"Muliikaza na nini?"

"Na ufunguo ya boulon."

"Tonton zangu, hii kitu inajua moto. Haijui ufunguo. Muniletee, niifanyie mufuniko."

Alikuwa na haki. Aluminium ya kumiminwa iko kama biskuti. Ya kufaa ni ile ya bamba, yenye imepita mu machine ya kunyoosha. Mukiona plake ya bei ndogo, na tumbo yake ina vitundu vidogo kama mukate, ni ya kumiminwa. Muache.

Ya tatu, bamba muzuri ya milimita tano, tuliipata ku ngazi ya cabine ya meli moja yenye imekufa, mwenyewe alituachia. Tuliikunja juu ya kipande ya reli, na ubao na nyundo, pole pole, hapana kupiga mahali pamoja. Nusu siku. Kilo moja na kidogo. Nilipoiinua na kidole mbili mbele ya Tonton Alphonse, alifunga macho.

"Na ile karatasi," akasema, "mutoni itakubeba. Watakuokota Isangi, umefika mbele ya chumvi."

"Na ile nzito, Tonton, sitapanda."

"Na hii hutashuka."

Ni kweli maji ya pale inavuta. Nzito inakuzuia kupanda, nyepesi inakuzuia kushuka. Nilimuangalia Kombozi. Alikuwa anatafuna makemba ya Mama Georgine.

"Ninyi watu wa maji ya pole," akasema, "munafikiri mutu anashindana na maji na tumbo yake. Kwetu ku chute, baba yangu anasimama pale maji inavunja pirogue, mutumbwi muzima. Unafikiri amebeba mawe mu mufuko? Anashika muti. Uzito iko ku muti, ile miti tumepanda mu mawe. Yeye anabaki mwepesi, anapita kama nyani."

Tonton Alphonse akafungua macho.

"Tuweke uzito chini, mbele ya motere," Kombozi akaendelea, "na kamba toka pale mpaka ku pirogue. Mutu anashuka anashika kamba. Uzito ikae ku kamba. Ku mutu, hapana."

Tonton alikohoa. Kisha akasema: "Ule mulango yenu ya prison uko wapi?"

Na ndiyo vile plake yangu ya kwanza ilipata kazi. Tuliifunga pamoja na kipande ya reli, ikakuwa nanga. Ilifanya kazi muzuri sana. Ilikuwa nanga toka siku ilizaliwa, ni miye nilikuwa nimekosa kuelewa.

Siku ya saba tukaenda. Maji ilikuwa imeanza kupanda, kidole mbili ku jiwe ya Kombozi. Tukaachilia nanga juu ya mahali motere ilianguka, Kombozi akabaki mu pirogue kuchunga kamba, miye nikashika kamba. Mutoni ikanivuta mpaka nikakuwa nimelala mu maji kama bendera. Lakini mukono moja, kisha mukono ingine, kama kupanda muti, isipokuwa kwenda chini. Mita mbili, mwangaza inaisha. Mita inne, unafunga macho ao unafungua ni sawa. Chini nikatafuta na mikono, nimefunga kiuno ku kamba ndogo. Muchanga. Muti. Muchanga. Sandale ya mutu. Kisha kitu ya baridi, laini, na mapanga tatu: hélice.

Ilikuwa imezikwa mpaka katikati. Nikachimba na mikono, nikapitisha kamba ya kuvuta chini ya kichwa ya motere, nikafunga mara mbili. Nilipogeuka kurudi, hélice ikashika mufuko yangu ya hewa. Nilisikia ku mugongo, brrrr, hewa yote inaenda zake. Mufuko imepasuka.

Vijana, sitawadanganya, nilisema jina ya mama yangu. Nikaacha chini. Nikashika kamba ya nanga, nikapiga miguu. Na nikapanda. Pole, lakini nikapanda, miye na chupa mbili ya chuma na ile karatasi ya Tonton ku mugongo, bila mufuko, na miguu yangu tu. Njia yote nilikuwa nafikiri juu ya ile nyingine, ya milimita kumi, yenye ilibaki chini pale inashika kamba. Nilipotoka, Kombozi akanishika ku mukaba, akaniweka juu ya pirogue kama samaki.

"Kwanga. Uko na rangi ya kwanga."

"Imefungwa," nikasema. "Muvute."

Wakavuta. Palan ya kuinulia ku baleinière, watu wa beach, wamama, na nikiwaambia mama wa pagne ya kijani alikuwa pale ku kamba musibishe, alikuwa pale, anavuta na anauliza kama leo kuna muhogo nimekanyaga. Tonton Alphonse alitoka ku kiti yake, akashika mwisho wa kamba. Motere ikatoka na matope, inaning'inia, na mukia ya majani.

Mama Georgine akaleta kitambaa aifute. Nikamwambia: "Hapana, Mama. Tuirudishe mu maji."

Alifikiri amenisikia vibaya. "Mu maji wapi?"

"Tumejaza pirogue moja maji. Tunailaza ndani mpaka mecanicien, fundi wa motere, afike."

"Lotika. Siku saba nalia juu iko mu maji. Mumeitoa. Sasa munairudisha?"

Muandike hii pia, juu kesho mutatoa motere ya mutu: ikitoka chini isikauke mbele ya fundi kuwa tayari. Hewa ndiyo inaileta kutu. Mu maji inangoja muzuri. Akifika, atoe bougie, ile ya cheche, amwage maji, aoshe na essence, ile petroli, atie mafuta kila mahali, na aiwashe siku ile ile. Mama Georgine alikaa pembeni ya ile pirogue masaa mbili nzima, mukono mu maji juu ya motere, kama mutu anamushika mugonjwa wake.

Fundi wa motere akamaliza saa sita ya muchana. Wakaifunga nyuma ya baleinière ku ubao mupya, na bidon ya essence. Siye tukapanda kuangalia: miye, Kombozi na chupa na plake ingali ku mugongo yake juu alikuwa amevaa vitu yangu kwenda kutoa nanga, fundi na ufunguo zake. Fundi akavuta kamba ya kuwasha. Hakuna. Akavuta. Hakuna. Mara ya tano ikakohoa maji. Mara ya tisa ikakohoa moshi. Mama Georgine akamusogeza fundi na kiwiko, akashika kamba yeye mwenyewe, akaweka muguu ku ubao, akavuta.

Ikawaka.

Sikumbuki kelele ya watu, nakumbuka tu uso yake. Hakucheka. Alikaa ku usukani, akageuza baleinière, na akaenda. Chumvi ilikuwa ndani toka asubuhi, alikuwa ameipakia bila kumuambia mutu. Ukingo ikaanza kukimbia. Tonton Alphonse akakuwa mudogo, na kiti yake.

"Mama," nikasema, "utuache ku beach ya chini pale."

"Hapana."

"Mama, muke wangu ananingoja," fundi akasema. "Uzime dakika moja tu."

"Nikizima," Mama Georgine akasema, "nani kati yenu anaapa kama itawaka tena?"

Tukaangaliana. Fundi akaangalia ufunguo zake. Tukaenda hivyo, masaa tano juu ya mutoni, fundi analalamika, Kombozi na plake yake anakaa wima kama waziri juu hakuwa na mahali ya kuegemea chupa, wavuvi wanatupungia, na jua inatupiga, na motere inaimba bila kukosa hata mara moja.

Yanonge, ku beach ya kwetu, akapunguza, akaegesha. Akaangalia motere. Akaizima. Akavuta kamba: ikawaka. Akaizima. Akavuta: ikawaka. Mara ya tatu akaizima na hakuiwasha tena. Akakaa juu ya mufuko ya chumvi, akaweka pagne ku uso, akalia pale kidogo, mabega inatikisika. Siye wanaume watatu tukaangalia mutoni.

Kisha akapangusa uso.

"Sasa mushuke," akasema. "Mutakula."